Mstari Nilioruka

Khm. Khm-khm.

Kikohozi hicho nikitulia kidogo nakisikia mpaka leo. Kimoja, kituo, halafu viwili vinavyofuatana upesi kama mtu anayegonga mlango wa choo huku amebanwa. Mwalimu wetu wa darasa la tano hakuwa na mafua wala kifua. Alikuwa anatuandaa. Tukikisikia mstarini asubuhi, tulijua ukaguzi wa kucha umekwisha, sasa inakuja nasaha.

"Zamani sabuni haikupatikana, tukawasamehe," alisema siku moja. "Sasa maduka yamejaa sabuni za kila rangi. Atakayebaki na ukoko shingoni asiisingizie serikali."

Siku nyingine: "Usiseme sijui kwa aibu. Sema sijui kwa njaa."

Na ile tuliyoipenda kuliko zote: "Ukimfanyia mwenzako hesabu, umemwazima shati lako. Siku ya mtihani utalivaa mwenyewe, naye atabaki uchi." Hapo mstari mzima ulitikisika kwa kicheko. Nasaha yenyewe hatukuisikia. Tulisikia uchi.

Shule yetu ilikuwa juu, Uluguru, mahali ambapo ukichungulia kati ya migomba unaona mabati ya Morogoro mjini yanang'aa huko chini. Miaka hiyo watu walikuwa wakisema kila kitu ruksa. Mama zetu waliteremka mjini, Mwembesongo, na matenga ya njegere kichwani, wakarudi na magauni ya mitumba na pipi za kijiti. Mwalimu alitokea Tabora, Mnyamwezi, yaani kwa sisi Waluguru mtani kabisa, na bibi zetu hawakumwacha apite bure.

"Wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Wewe umeishia kubeba chaki?"

"Afadhali mimi, bibi. Nyie shamba lenu limesimama kama ukuta. Mbegu unapanda kwako, inaota kwa jirani."

Wanacheka, wanaachana. Ndivyo ulivyo utani. Neno la mtani ni la kuchekwa, na anayelipeleka moyoni ndiye anayeonekana mjinga.

Tukifunga shule, mwalimu alitupa ripoti za kupeleka nyumbani. Chini ya alama palikuwa na nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa. Walimu wengine waliandika "Aongeze bidii" wakafunika kalamu. Wetu alijaza mpaka pembeni, kwa herufi ndogo zilizolala kama majani ya mgomba baada ya upepo. Kitongojini kwetu wazee wengi hawakujua kusoma, na waliojua macho yalikuwa yamewachoka. Msomaji wa ripoti zote nilikuwa mimi.

Nilikuwa na ndoto ya kuwa mtangazaji wa redio. Nanyi mnaosoma sasa msinicheke, kila mtu ana lake. Nilishika gunzi la hindi nikawasomea kuku wa mama taarifa ya habari, na jogoo alikuwa msikilizaji wangu mwaminifu. Kwa hiyo ripoti kwangu ilikuwa neema. Hatimaye kuna kitu cha kutangaza, na wasikilizaji wana masikio yanayoonekana.

Wenzangu wakagundua mapema kwamba mtangazaji ana njaa. Nikipewa pingili ya muwa, au pasheni mbili, au pipi ya kijiti iliyolambwa kidogo tu, basi nililainisha. "Mtoro" ilikuwa "ana shughuli nyingi". "Mpiga kelele" ikawa "sauti yake inafika mbali". "Anapigana" niliisoma "hapendi kuonewa". Wazazi walifurahi, viboko vilipungua kitongoji kizima. Sikuona dhambi iko wapi.

Mwisho wa muhula huo wa darasa la tano akaja rafiki yangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Alijua kuchekesha hata maiti, alijua kupanda mti wowote, lakini kusoma hakujua. Mimi nilijua kwamba hajui. Kila jaribio nilisogeza daftari langu upande wake, naye akachora nilichoandika, mpaka mtihani ule ambao mwalimu alimhamishia dawati la mbele, peke yake.

Alinikuta kwenye kijito, kucha amezitafuna zimekwisha.

"Shoga, leo sina kitu cha kukupa."

"Si kitu."

"Bibi kasema. Safari hii akisikia sijui kitu, shule basi. Nashika tenga."

Bibi yake ndiye aliyemlea, na hakuwa mtu wa kutishia tu. Kwake yeye hesabu ilikuwa rahisi. Mtoto anayesoma aachwe asome, asiyesoma abebe njegere. Rafiki yangu hakuogopa uzito wa tenga. Aliogopa kuniona mimi napita na madaftari.

"Usinitupe, shoga," akasema.

Ningekwenda kumtupa wapi?

Nyumbani kwao bibi alikuwa barazani na rundo la njegere mbele yake. Nilifungua ile karatasi. Jicho langu likaangukia mstari wa kwanza wa maoni: "Mtoto huyu hajui kusoma kabisa." Sikuendelea kuangalia. Nilinyanyua kidevu, nikavuta pumzi ya redio.

"Mtoto huyu," nilitangaza, "ni taa ya darasa. Akikosekana hata ubao unanuna. Anasema sijui kwa njaa, na shibe yake inakuja. Naomba bibi asimwondoe shuleni, maana tutabaki gizani."

"Alaa!" bibi akasema, mkono kifuani. "Taa?"

"Taa, bibi."

Khm. Khm-khm.

Nilidhani nimeota. Lakini mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya migomba, suruali amekunja mpaka magotini kwa tope, na kwa uso wake nikajua amesikia tangu ubao ulipoanza kununa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mnyamwezi. Umefuata nini huku, umekosa mzigo wa kubeba?"

"Leo nimekuja na neno. Bibi, hiyo ripoti mimi sikuandika hivyo."

"Hukuandika wewe, nani aliandika? Jogoo?"

"Nimeandika hajui kusoma. Amekuwa wa pili kutoka mwisho."

Bibi alimtazama kidogo. Kisha akapasuka kwa kicheko, njegere zikaruka.

"Na wewe ni wa kwanza kutoka mwisho! Wivu tu. Umeona taa imewaka Uluguru, Tabora kwenu giza!"

"Haki ya Mungu, bibi, sitanii."

"Mtani akiapa, ficha kuku wako!"

Kila alivyoapa ndivyo alivyochekwa. Alisema kweli kwa Kiswahili safi, akasema tena polepole, bibi akafuta machozi kwa pindo la khanga na kumwomba anyamaze, mbavu zinamuuma. Mwisho alikata mkungu wa ndizi, akampa kwa kumchekesha. Mwalimu alinitazama. Mimi nilimtazama kuku.

"Wewe mtangazaji," akaniambia, "nisindikize."

Tuliteremka mpaka kwenye kona. Nilikuwa nimeshachagua kwa macho ule mti wa kuvunja fimbo. Akautua mkungu chini.

"Mwaka mzima nawahubiria kusema kweli," alisema. "Leo nimesema kweli mara tatu, nimepewa ndizi."

Nilitaka kucheka, nikajibana.

"Ulisoma maoni yangu mpaka mwisho?"

"Hapana, mwalimu."

"Mstari wa pili unasemaje?"

"Sijui."

"Hiyo sijui ni ya aibu," akasema, bila ukali. Akanisomea kutoka kichwani mwake: "Kosa ni langu, nimechelewa kugundua. Namwomba bibi amruhusu aje kwangu kila jioni likizo nzima, nimfundishe herufi mwenyewe. Si tuisheni ya kulipia."

Siku hizo walimu wengi walikuwa na tuisheni, na mtoto wa mlimani hakuiota. Mimi nilikuwa nimeiruka, nikaweka taa mahali pake.

"Nirudi mimi nikamwombe, atacheka tena," mwalimu akasema. "Mtu anayeaminiwa pale kwake ni wewe."

Kisha akaomba ripoti yangu mwenyewe, akaiweka juu ya ndizi, akaongeza mstari kwa kalamu. Sikuthubutu kuutazama mpaka nilipofika nyumbani, na mama, ambaye naye hakujua kusoma, aliponiambia nisome. Safari hii nilisoma kilichoandikwa: "Anasoma vizuri sana, hata yasiyoandikwa."

Mama alipiga kigelegele majirani wakatoka. "Hata yasiyoandikwa! Mwanangu huyo! Huyu atafika Kilakala!" Kilakala ndiko iliko shule ya wasichana, na sikufika, lakini hayo ni mengine. Akanikaangia yai zima, langu peke yangu. Nilimega kidogo, nikasukuma sahani.

Asubuhi nilikwenda kwa bibi bila kumwambia mtu. Rafiki yangu alikuwa ameshuka kuchota maji. Bibi alinipokea kwa furaha iliyoniumiza.

"Karibu, karibu! Jana nimezunguka nyumba zote. Nimewaambia mjukuu wangu taa."

"Bibi, nipe tena ile ripoti."

"Unataka kunisomea mara ya pili? Soma, mwanangu, soma."

Nilisoma. Sauti ya redio ilikataa kutoka. Ilitoka yangu, nyembamba, ya mtu mwenye mafua. Nikapitisha kidole chini ya kila neno ingawa yeye asingeweza kuhakikisha. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili.

Bibi hakucheka.

"Kwa hiyo yule Mnyamwezi alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nikamcheka."

"Ndiyo, bibi."

"Hata jina lake hajui?"

"Jina analiandika. Analichora tu."

Alikaa akisugua goti. "Sasa majirani nikawaambie nini?" akauliza, na hakuniuliza mimi. Kisha akasema, "Rudia huo wa pili."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia tena. Kwenye "kosa ni langu" alitikisa kichwa.

"Na wewe," akasema, "ulikuwa unamwonyesha daftari lako tangu lini?"

"Darasa la tatu."

"Miaka yote hiyo mnanichezea."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na nashukuru kwa hilo. Rafiki yangu akatokea na ndoo kichwani, akaiona karatasi mkononi mwangu, akajua. Ndoo ikamwaga maji mabegani mwake.

"Tua," bibi akamwambia. "Vaa gauni la sikukuu."

"Tunakwenda sokoni?" sauti yake haikusikika vizuri.

"Tenga litakungoja, halina miguu. Tunakwenda kwa Mnyamwezi. Kasema jioni, mimi nakwenda sasa hivi, nikamwambie utani wa namna ile asirudie, ataniua." Akajifunga khanga ya pili, kisha akanigeukia. "Wewe mtangazaji hupajui kwenu leo. Rundo hilo nikirudi nikute umelimenya lote."

Waliondoka wameshikana mikono. Kwenye migomba rafiki yangu aligeuka. Nilidhani atanitukana. Alinitolea ulimi, ulimi mrefu wa hasira na kitu kingine, akapotea na bibi yake kwenye njia ya kushukia shuleni, alikoishi mwalimu.

Niliikunja ripoti, nikaiweka chini ya jiwe isipeperuke. Nikalivuta lile rundo katikati ya miguu yangu, nikafuta pua kwa kiganja, nikachukua njegere ya kwanza.