Dereva wa Machela na Neno "Utapona"

Saa mbili na robo asubuhi. Mwanamke aliyevaa sare ya kijani iliyopauka mabegani anasimama juu ya mteremko unaoshuka kutoka wodi ya wanawake hadi chumba cha eksirei. Mbele yake, juu ya machela, amelala bibi mmoja mwembamba aliyeanguka juzi bafuni. Nyonga yake haijulikani ikoje.

"Bibi, tunapiga kona," anamwambia. "Shika hapa pembeni. Barabara hii mbovu, mkandarasi alikula lami yote."

Bibi anacheka kidogo, kisha anakunja uso kwa maumivu ya kule kucheka.

Gurudumu la mbele la kushoto linalia. Limetiwa mafuta mara nyingi na bado linalia. Waliowahi kulazwa hapa, na waliomleta mtu kisha wakarudi nyumbani na nguo zake tu, huitambua machela hii kabla haijatokeza.

Wagonjwa humwita Dereva. Ana miaka thelathini na minne, ni mjane mwenye binti mmoja, na kwa miaka sita kazi yake imekuwa kuwapeleka watu wasioweza kutembea mahali wasikotaka kwenda. Siku ya kawaida ana safari ishirini. Jumatatu hufika thelathini.

Alhamisi ijayo anakwenda kwenye mahojiano ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Ni mara yake ya pili, na hakuna ya tatu. Chuo hakipokei mwombaji aliyetimiza miaka thelathini na mitano, naye anaitimiza mwezi wa kumi na moja. Mwaka jana watu mia nne na kumi na wawili waligombea nafasi sitini. Masomo alikuwa amefaulu, tena baada ya kurudia biolojia na kemia akiwa mtu mzima. Kilichomwangusha ni neno moja.

Neno lenyewe ni "utapona".

Kulielewa inabidi kurudi nyuma miaka saba, kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Hapo ndipo mumewe, fundi seremala, alipolazwa kwa ugonjwa wa ini. Alilala wiki tatu. Kila siku saa sita mkewe alifika na chupa ya supu.

"Nikifika tu ananiuliza, 'Mke wangu, nitapona?' Namjibu, 'Utapona tu, baba.' Namjazia bakuli. Kesho yake ananiuliza tena, nami namjibu vilevile," anasema. "Nilidhani ndiyo mapenzi hayo."

Hakupona.

Siku chache baada ya maziko alirudi hospitali kufuata karatasi. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma machela alimwita kando ya korido, akamwomba akae kwenye benchi.

"Mama, mumeo aliniachia maneno nikufikishie," akamwambia.

Maneno hayakuwa mengi. Kwamba ile supu ilikuwa haipiti kooni, akimpa jirani wa kitanda cha nne, ila mke asiambiwe maana anaamka mapema kuipika. Kwamba randa yake ya mkono isiuzwe. Kwamba binti asipelekwe kulelewa kwa ndugu, akae na mama yake hata kama hali itakuwa ngumu. Na kwamba alikuwa anaogopa kulala.

"Nikamuuliza, 'Mzee, mbona akwambie wewe, si mimi mkewe?' Hakunificha. Akasema, 'Kwa sababu mimi sikumwambia atapona.'"

Dereva anakunja pindo la shuka la machela, analikunjua.

"Nilikuwa namfungia mlango usoni," anasema, "tena kwa adabu."

Mwaka uliofuata nafasi ya msukuma machela ilitangazwa, naye akaomba. Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee yuleyule. Wafanyakazi walimwita Mzee Breki, na wapya walidhani ni kwa sababu ya kelele za magurudumu. Sababu ilikuwa nyingine. Mgonjwa akimuuliza jambo, Mzee Breki hakujibu akitembea. Alisimamisha machela, akakanyaga kile chuma kinachofunga gurudumu, akazunguka mpaka mgonjwa amwone uso, ndipo akafungua mdomo. Mara nyingi alifungua mdomo ili aulize yeye.

Hayo yote Dereva aliyajua alipoketi mbele ya jopo la watu watatu mwaka jana. Mwenyekiti akamuuliza: mgonjwa mahututi anakutazama, anakuuliza kama atapona, utamjibu nini?

"Nikasema, 'Nitamwambia utapona.' Nililisikia likitoka, kama unavyoona kikombe kinateleza mezani na mkono haufiki. Mwenyekiti akaandika kitu. Kifupi."

Majibu yalipotoka hakumwambia mtu kwa siku mbili. Siku ya tatu muuguzi mkuu wa wodi, ambaye kila mtu humwita Sista, alimkuta akisugua machela iliyokwisha kuwa safi.

"Unaiua hiyo machela," Sista akamwambia. "Lete barua uliyowapelekea."

Barua ya kujieleza ilikuwa ukurasa mmoja. Ilianza: Mimi ni mtu mwenye huruma, mwaminifu, mchapakazi na ninayependa kushirikiana na wenzangu. Sista akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka juu hadi chini.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Sista."

"Si wewe. Hata mwizi huandika hivi akiomba kazi ya ulinzi. Huruma yako ilifanya nini, siku gani, kwa nani?"

Kuanzia hapo Dereva ana daftari la kurasa mia, lenye jalada lililobandikwa gundi. Kila mwisho wa zamu anaandika mistari miwili au mitatu. Ukilifungua popote, hakuna sifa. Kuna siku. "Jumatano. Mgonjwa hasikii vizuri, daktari anamweleza kwa nyuma. Nimeigeuza machela ili amwone mdomo." Kwingine: "Ijumaa. Mwenzangu na mimi tumegombania shuka mbele ya mgonjwa. Aibu. Tumeongea baadaye, tumecheka."

Ukurasa mmoja umekunjwa pembeni. "Jumanne. Nimemsahau mama mmoja koridoni dakika ishirini, nimeitwa kwingine. Nimemkuta analia, gauni liko wazi mgongoni. Nimemwomba radhi. Nimemweleza Sista mwenyewe kabla hajauliza."

Alipouona ukurasa huo, Sista alisema huo ndio uingie kwenye barua.

"Niwaandikie kosa langu? Si nitakuwa nimejichongea?"

"Wenye sifa wako mia nne," Sista akajibu. "Waliokosa, wakasema, wakajirekebisha, nitajie ni wangapi."

Sista anasema vyuo vya afya havitafuti malaika. "Kichwani wanaweza kukujaza wao kwa miaka mitatu. Wanachotaka kujua ni kama una masikio, kama unaweza kukosolewa usinune, kama saa mbili kwako ni saa mbili. Hayo mtu huja nayo. Na hujifunza, asikudanganye mtu kwamba unazaliwa nayo. Huyu nimemwona akijifunza."

Jumapili mchana mazoezi ya mahojiano huhamia uani kwa Mzee Breki, ambaye sasa amestaafu na magoti yamegoma. Mzee huketi kwenye kiti kirefu na kuvaa miwani yenye mkono mmoja. Yeye ndiye jopo. Binti wa Dereva, aliye kidato cha pili, hushika saa.

"Mwombaji," mzee anaanza, sauti nzito, "kwa nini unataka kuwa muuguzi?"

"Kwa sababu napenda kuwasaidia watu."

"Hata mwenye duka anasaidia watu. Jingine!"

"Mama, umeinamisha macho tena," binti anadakia.

"Namheshimu mzee."

"Leo si mzee, Mama. Ni jopo. Mtazame."

"Ati mimi si mzee?" Mzee Breki anavua miwani. "Haya, jopo limekuwa kijana na lina kiu. Leteni maji."

Kumtazama mkubwa usoni bado kunamshinda. Amelelewa kuinamisha macho, na haoni kama ni kosa. Kwa hiyo binti akamtafutia njia: atazame katikati ya nyusi. Wiki ya kwanza Mzee Breki alilalamika kwamba anatazamwa kama ana chunusi. Sasa halalamiki tena.

Lile swali la mwaka jana, mzee hajawahi kuliuliza. Dereva alimwomba aliulize, akakataa. "Hilo hutalijibu uani kwangu," alimwambia. "Nenda kalijibu kazini."

Nje ya chumba cha eksirei leo kuna foleni ya machela mbili. Mashine inapashwa moto, anasema fundi wake, nusu saa hivi. Ni muda wa chai ya wafanyakazi, na utaratibu unaruhusu mgonjwa aachwe na karatasi yake hapo ukutani.

Bibi anainua shingo.

"Mwanangu, nitapona?"

Dereva anakanyaga chuma. Gurudumu linafunga kwa mlio mfupi. Anazunguka, anainama mpaka nyuso zao zinalingana.

"Hilo sijui, Bibi. Daktari naye anangoja hii picha. Kuna kinachokusumbua?"

Bibi anatazama dari. Anatazama karatasi kifuani kwake. Inapita dakika nzima, na Dereva haijazi kwa neno.

"Usiniache hapa ukutani kama gunia," bibi anasema hatimaye. "Watu wanapita, wananiona miguu."

Dereva anavuta shuka, analichomeka chini ya visigino pande zote mbili. Halafu anaketi kwenye ukingo wa benchi, mkono juu ya chuma cha machela. Chai inaishia huko huko jikoni. Bibi anaanza kumweleza habari za bafu lake, na vigae alivyomkataza mwanawe kuviweka kwa sababu vinateleza.

Akipokelewa chuoni na kuhitimu, Dereva anasema baadaye, angependa arudi kufanya kazi wodi ya wanaume, mwisho wa korido. Randa ya mumewe iko juu ya kabati nyumbani. Binti anasema itahamia bwenini pamoja na mama, itake isitake.

Na Alhamisi, jopo likimuuliza tena lile swali?

Anatabasamu, anafuta kishikio cha machela kwa kiganja.

"Nitawaambia kwanza nafunga breki. Mtu hajibiwi huku anasukumwa."