Taa Nyekundu Juu ya Kitanda

Shangazi yangu, kitinda mimba wa babu, tulimwita Waya. Jina alilipata siku babu aliporudi kazini akakuta redio yake imelala vipande vipande kwenye mkeka na binti yake amekaa katikati, hana habari. Babu alifoka hadi sauti ikamkauka. Jioni redio ikaimba kama kawaida na hasira ikaisha, lakini jina likaganda.

Ukubwani Waya akawa mhandisi kwenye kiwanda kidogo cha vifaa vya hospitali. Kazi iliyompa sifa ilikuwa kengele ya wagonjwa: kitufe kando ya mto, na taa juu ya kitanda. Mgonjwa akibonyeza, taa inawaka nyekundu, kengele inalia kwenye meza ya wauguzi, mtu anakuja. Rangi aliichagua yeye. Kikaoni wako waliotaka bluu, akawakatalia katakata. Nyekundu, alisema, ataiona hata muuguzi aliye mwisho wa korido, amechoka, mikono imejaa dawa. Hawakumbishia. Kubishana na shangazi yangu kulikuwa sawa na kujitafutia kazi isiyo na mshahara.

Hospitali moja ikazifunga kengele hizo. Miezi michache baadaye ikaja taarifa kwamba miito ya wagonjwa imepungua zaidi ya nusu ikilinganishwa na kengele za zamani. Kiwandani wakashangilia: bila shaka wagonjwa wanahudumiwa mapema, hawana haja ya kuita ovyo. Keki ikakatwa. Mkuu wa kiwanda, mtu mpole anayevaa tai hata Jumamosi, akamwambia, "Nenda kaongee na wagonjwa wenyewe. Nataka maneno yao mazuri tuwaonyeshe hospitali nyingine."

Akaenda mchana, wodi ya wanawake, na kinasa sauti mkononi. Akapita kitanda kwa kitanda. Kengele ni rahisi kutumia? Mnaipenda? Majibu yalikuwa matamu. "Nzuri sana, mwanangu." "Haina shida, dada." Mwalimu mmoja mstaafu, aliyevunjika nyonga, alimshika mkono akamwambia, "Mmetufikiria. Mungu awabariki." Waya akazima kinasa sauti, roho yake kwatu.

Angeondoka saa ile ile, ila mvua ilishuka, ya kumwaga. Akaketi kwenye benchi karibu na mlango kuisubiri ikatike. Pale hakuwa tena mgeni wa kengele. Wagonjwa walimsahau, wakaendelea na yao. Msusi wa kitanda cha pili alikuwa akiwachekesha wenzake kwa habari za mteja aliyesinzia akasukwa mtindo wa mtu mwingine.

Mwalimu alikuwa akitafuta kikombe chake cha maji juu ya kabati. Mkono haukufika. Akajivuta, akapumzika, akajivuta tena. Kitufe kilikuwa pale pale, shibiri moja kutoka vidole vyake. Shangazi aliniambia alimtazama akiwa na hakika kwamba sasa atabonyeza, akangoja kwa furaha kabisa, kama mzazi anayengoja mwanawe apande jukwaani. Mwalimu akanyoosha mikono yote miwili, akateleza, akaanguka sakafuni kwa upande ule ule uliovunjika.

Hakupiga kelele. Alilala pale ameuma meno, jasho linamtoka. Wanawake wote wale, kila mmoja na kitufe chake kando ya mto, na hakuna aliyekigusa. Waya akaruka kwenda kukibonyeza cha mwalimu.

"Dada, tafadhali," msusi alisema kwa sauti ya chini. "Usibonyeze. Kawaite kwa miguu."

Akakimbia. Wauguzi wakaja, wakambeba mwalimu kumpeleka kwenye eksirei. Waya akarudi kwa msusi, akakaa ukingoni mwa kitanda bila hata kukaribishwa.

"Kwa nini nisibonyeze?"

Msusi aliwatazama wenzake kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Ile ni taa ya kufa, dada."

"Ya nini?"

"Kengele zilipoletwa, mama wa kitanda kile cha pembeni alibonyeza. Taa ikawaka nyekundu, wakaja mbio na mashine, wakavuta pazia. Hakuamka. Haukupita muda, mwingine hivyo hivyo. Sasa mtu akiletwa humu tunamwambia mapema, hicho usikiguse. Ikiwaka nyekundu juu ya kichwa chako, umeshaitwa."

"Lakini nimekuuliza sasa hivi, ukaniambia ni nzuri."

"Uliniuliza kama ni rahisi. Rahisi ni rahisi. Halafu umekuja una furaha na kitu chako, nani angekukata maini?"

Waya akaitazama taa juu ya kila kitanda. Ile nusu waliyoikatia keki walikuwa ni hawa, watu waliojifunza kuumia kimya.

Alimfuata sista mkuu ofisini kwake, akamweleza. Sista alikuwa amesimama. Akakivuta kiti polepole, akakaa.

"Sisi tulidhani wamepata nafuu," alisema. "Kuna waliokutwa wamezidiwa. Tukasema ndivyo maradhi yalivyo."

"Wangapi wangeita kama si taa ile?"

Sista alitikisa kichwa. Hakujua, na mpaka leo hakuna anayejua.

Jioni Waya alikuja kwetu. Hakuvua viatu. Chai ikapoa mbele yake, na sisi watoto tukaondolewa sebuleni, lakini ukuta wetu ulikuwa mwembamba.

"Hukuua mtu, Waya," baba alisema.

"Sijui, kaka. Hilo ndilo linalonimaliza. Sijui."

Kwa ombi la Waya wauguzi wakaanza kuzungukia vitanda mara kwa mara, hata kama hawajaitwa. Yeye akarudi wodini, safari hii bila maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Alivuta kiti akasema, "Nieleze siku ulipoletwa hapa," kisha akanyamaza. Kwa mtu kama yeye, kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko mitambo yote. Mwalimu, ambaye nyonga yake ilibidi ipasuliwe upya, alizungumza kutwa nzima. Hakuwahi kumlaumu, na hilo lilimuumiza Waya zaidi.

Akatengeneza kengele za maboksi zenye taa za tochi, akawapa wazijaribu. Aliwaletea ya kijani akiwa na uhakika. Wakatazamana. Kijani, akaambiwa, ndiyo taa iliyo juu ya mlango wanapotolewa waliofariki. Alikuwa ameupita mlango ule kila siku bila kuinua macho. Mshtuko wa pili, ila safari hii wodi nzima ilicheka, na yeye akacheka nao huku machozi yakimtoka.

Mwishowe taa ikawa ya manjano hafifu, kama balbu ya jikoni, ikahamishwa kutoka juu ya kichwa hadi kwenye nguzo ya mlango. Na kila mgonjwa mpya, muuguzi akiwa amesimama pembeni yake, hubonyeza mara ya kwanza akiwa hana shida yoyote, aone kwamba taa huwaka na kuzimika na mtu hubaki mzima.

Miito ikapanda, ikapita hata ile ya zamani. Mkuu wa kiwanda akampigia simu, sauti imempanda. "Umetuharibia kengele."

"Njoo ukae kwenye benchi," Waya akamjibu. "Usiulize kitu."

Alikuja na tai yake, akakaa. Mama mmoja aliyelazwa siku hiyo alikuwa akisikia baridi. Akabonyeza. Muuguzi akaja akitembea, si mbio, akainama.

"Mama, kuna nini?"

"Nifungie dirisha, mwanangu."

Dirisha likafungwa. Mkuu wa kiwanda aligeuka kumwambia Waya neno, akakuta amekwisha toka, amesimama koridoni, uso ameuelekeza ukutani. Akamwacha na wale ambao hawakubonyeza.