Nyama ya Mguu wa Kulia

Vijana wa hapa Busia siku hizi wanalipa hela ili wainue vyuma, halafu wanajigeuzageuza mbele ya kioo. Sikatai, miili ni yao. Lakini wakianza kunifundisha jinsi msuli unavyojengwa, nawanyamazisha. Msuli naujua. Wangu ulijengwa upya kule kwetu Busibwabo, uhuru ukiwa bado mchanga, na hadi leo nikiufikiria napandwa na hasira.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne nilipoteleza mtoni nikavunjika mfupa wa paja. Hospitalini walinifunga plasta kutoka kiunoni hadi kisigino, nikalala chali miezi na miezi. Siku walipoikata, nililia. Mguu wa kulia ulikuwa umebaki ngozi na mfupa, kama muhogo uliosahauliwa juani, na goti lilikataa kukunja. Dresa aliyeikata, yaani yule mhudumu wa hospitali wa kufunga vidonda, mtu wa maneno makavu, alimwambia Baba waziwazi kwamba nyama ya paja imelala. Isipoamshwa kabla ya mvua za masika, goti litashikana na huyu mtoto atatembea na fimbo hadi kaburini. Kuiamsha kunataka kazi, chakula na usingizi, na ukikosa kimoja umekosa vyote. Akataja na chakula chenyewe: mayai, kuku, maini.

Baba alikuwa hamali. Alibeba magunia ya mahindi na kahawa kwenye ghala la tajiri mmoja Mwislamu mjini, na mabehewa yakijaa aliitwa hadi stesheni ya Malaba. Mama yangu alikuwa amefariki zamani. Nyumba ilishikwa na Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake Baba.

Kazi tuliianza jioni hiyo hiyo. Baba alijaza mchanga kwenye soksi yake kuukuu, akaifunga kwenye kifundo changu, akanikalisha ukingoni mwa kitanda.

"Inua. Shikilia. Sasa teremsha polepole, usiuangushe kama gunia la mtu mwingine."

Kila siku ya soko la Matayos aliongeza konzi ya mchanga. Niliuma meno, nikamchukia, nikainua. Mchana nililala kama dresa alivyoagiza, na hapo Kukhu alikuwa hanyamazi. "Ee! Msichana gani analala jua likiwa utosini, kama mbunge?" Baba akamjibu, "Mwache, Mama. Huko kulala ndiyo kazi yake." Kukhu alicheka, akawasimulia majirani wote.

Lakini chakula! Kwetu mwanamke hali kuku, wala yai. Sisi tulimnyonyoa kuku, tukampika, tukawapelekea wanaume, kisha tukarudi jikoni kula mboga ya mrenda. Na ile firigisi, imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Mke aliyeigusa aliweza kurudishwa kwao. Msichana wa mayai ataolewa na nani? Kukhu alilinda mwiko huo kuliko wanaume wenyewe. Dresa na mayai yake, alisema, akawalishe dada zake.

Baba hakubishana. Alisema tu kwamba magunia yamekuwa mazito na sasa yeye ndiye anataka kulishwa vizuri. Kukhu akafurahi, nani hafurahi kumlisha mwanawe? Kila jioni alipakua sinia la Baba, mimi nikampelekea chumbani kwake kwa kuchechemea. Baba alifunga mlango, akanisukumia sinia.

"Kula upesi."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshiba. Tajiri anatupikia wali kila mchana."

Nikamwamini, nikala. Tamu ilikuwa tamu, nisidanganye.

Paja likaanza kujaa. Goti lilikunja kidogo, kisha nusu, nikaanza kuinuka kitini bila kushika kitu. Baba alilipapasa paja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Aa! Hii sasa ni nyama," akasema, na uso wake wote ukacheka. Lakini shati lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani, na kikohozi kilimshika ambacho hakikutaka kuondoka.

Siku moja hamali mwenzake alimleta nyumbani kwenye karia ya baiskeli. Gunia lilikuwa limemwangusha. "Mama," yule mtu akamwambia Kukhu, "mzee huyu ana shida gani? Gunia alilokuwa akilirusha, leo limemrusha yeye."

Kukhu alishika kichwa. Mayai kila siku! Kuku kila wiki! Na bado mwanangu anaisha? Basi amerogwa. Kuna mtu anamla kutoka ndani. Majirani wakaja, wakapiga hesabu hiyo hiyo, nayo kwa walichokiona macho yao haikuwa na kosa: mtu anayekula hivyo hakondi bure. Wakakata shauri apelekwe kwa mganga ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo. Hospitali ilikuwa karibu kuliko huyo mganga, jamani, karibu sana! Lakini nani aende hospitali na uchawi?

Nilisimama katikati yao, nikasema. Mimi huyu. Nikasema, "Kukhu, hajarogwa. Chakula chote nilikula mimi. Ana njaa, na anaumwa kifua. Mpelekeni kwa dresa."

Yule hamali akatazama chini. Akasema wali wa tajiri yeye hajawahi kuuona. Mchana wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa muhogo. Wote wakamgeukia Baba pale mkekani. Neno moja kutoka kwake lingetosha.

Baba alinitazama mguu kwanza, kisha uso. "Mtoto ananihurumia," akasema. "Anasema uongo. Mayai nimekula mimi."

Kukhu alinizaba kofi kwa kumwaibisha mzazi wangu mbele ya watu. Kofi sikulisikia. Nilichosikia ni Baba kuniita mwongo, nikamkasirikia hivyo hivyo hadi wakamvusha mpaka. Ilinichukua miaka kuelewa. Dresa alikuwa amesema masika, na masika yalikuwa bado. Angekubali, sinia lingekoma siku ile.

Mganga alimnywesha mizizi, akamkataza nyama. Walimrudisha amekonda zaidi. Aliniuliza kama naendelea na mchanga, nikamjibu ndiyo kwa kununa. Alikufa mvua ya kwanza ikinyesha.

Asubuhi ya mazishi maji ya kuwapikia waombolezaji hayakutosha. Wasichana wakashuka mtoni, nami nikabeba mtungi nikawafuata, wala hakuna aliyekumbuka kunizuia. Nilirudi nikipanda kilima mtungi ukiwa umejaa kichwani, bila fimbo, goti likikunja na kunyooka. Kukhu alikuwa amesimama juu pale njiani. Aliutazama mguu, hatua kwa hatua, hadi nikamfikia.

"Ulikula wewe," akasema.

"Ndiyo, Kukhu. Niliwaambia."