Hooyo Ameomba Chai Ipoe

Wallahi leo hooyo, mama yangu, ameomba chai ipoe, na mimi nimeingiwa na hofu.

Mnamjua alivyo. Chai isiyochoma ulimi huirudisha jikoni!

Wote nyumbani wamecheka. Mimi nimemwangalia akimeza anjera, mkate wetu laini. Kipande kidogo tu, lakini amefumba macho ndipo kikapita.

Wakati wa korona alipangiwa kipimo cha kamera kooni, aangaliwe saratani. Hapa Garissa hospitali ikasimamisha vipimo. "Rudini korona ikiisha." Dada yake wa Nairobi, aliyepangiwa kipimo kama hicho, alijilipia hospitali ya kibinafsi, akapimwa wiki ileile.

Tulirudi. Mara mashine mbovu, mara daktari hayuko. Hadi leo hooyo hajapimwa.

Nimemuuliza, "Hooyo, inauma tangu lini?"

Akanisukumia kikombe. "Kunywa wewe, Fardosa. Mimi nimeshiba."

Kikombe bado kimejaa.

Tafadhali, niambieni nimekosea kudhani ni saratani.