Guavate Hatusimami

Mara tatu Herminia alifunga safari ya kuvuka kisiwa cha Puerto Rico kwa barabara ya milimani, na mara tatu alirudi nyumbani Maunabo kabla jua halijazama, ameshiba na amekasirika. Hakurudishwa na mvua wala maporomoko ya udongo. Alirudishwa na nguruwe wa Guavate.

Mnaondoka alfajiri na nia njema, mnapanda mlima, mnafika pale vibanda vilipojipanga kando ya barabara na nguruwe wazima wanazungushwa juu ya makaa. Hapo mdogo wake, Toribio, husema, "Dada, dakika kumi tu." Dakika kumi huzaa saa nne, na muziki, na dansi, na sahani ya pili. Shibe mwana malevya. Nani tena atakuwa na hamu ya kona zote zilizobaki hadi Mayagüez, pwani ya magharibi?

Herminia sasa ana miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na minne aliendesha basi la shule, pwani ile ile, tambarare ile ile, asubuhi na mchana. Hakugonga hata kuku. Watoto aliowabeba wengine wameshaota mvi, lakini bahari ya magharibi, ile inayomeza jua, hajawahi kuifikia kwa usukani wake mwenyewe.

Jumapili moja akatandaza ramani mezani, akaikandamiza pembe zote kwa vikombe vya kahawa. Binti yake Nereida alishika kalamu, akiandika mpango wa safari kwenye karatasi kama mama yake alivyomwambia. Herminia hakuweza hata kukaa, furaha ilimzungusha meza nzima. Siku mbili! Watalala Adjuntas kwa binamu, kesho yake Maricao, kisha wateremke mpaka miguu iingie majini.

Toribio aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akainama kusoma. Mstari wa juu kabisa ulikuwa umekolezwa wino: Guavate hatusimami.

"Nani kaandika matusi haya?"

"Maneno ni yangu," Herminia alijibu. "Nyama nitachoma hapa hapa, na wali wa mbaazi nitapika. Utakula garini."

"Garini! Dada, nyama ya kula garini ni sawa na kucheza dansi kwa simu. Kwani haraka ya nini? Barabara itakimbia?"

"Barabara haikimbii. Macho yangu ndiyo yanakimbia."

Nereida aliinamia ramani. Yeye alikuwa anajua. Herminia akamweleza mdogo wake kwamba daktari amempima macho. Kwa sasa anaruhusiwa kuendesha mchana, lakini leseni inaisha mwezi ujao, na daktari hatamsainia nyingine.

"Nimewapeleka watoto wa watu miaka yote hiyo, Toribio. Mara moja tu nataka nijipeleke mwenyewe."

Toribio alikuna kisogo, akachukua kofia yake, akaondoka bila neno. Kwa mtu wa domo kama lile, huo ulikuwa muujiza. Herminia alidhani amenuna.

Jumamosi alfajiri mama na binti wakamkuta Toribio garini, tayari ameketi kiti cha mbele. Nereida akampakatisha sufuria ya nyama, naye akaishika kwa uangalifu kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Wakaanza kupanda. Huko milimani kona isiyoonyesha inakokwenda hupigiwa honi kabla ya kuingia, ili anayekuja ajue kuna mtu. Herminia alizipigia zote, hata zile zilizo wazi kabisa, huku akiimba.

"Mama, unaamsha wafu," Nereida alicheka kutoka nyuma.

"Waamke! Waje nao!"

Kisha moshi ukaingia madirishani. Vibanda vikatokea, na ngoma, na ile harufu ya ngozi ya nguruwe iliyokaukia motoni. Herminia alimtupia jicho mdogo wake. Alimpenda mjinga huyu, na roho ikamlegea. Akapunguza mwendo.

"Haya basi. Dakika kumi?"

Toribio aliikumbatia sufuria. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyaficha.

"Usithubutu, Dada. Mbele kuna kona ya kulia, mbaya kweli. Piga honi."

Akapiga.