Zile Karatasi za Gitaa la Barasa

Kuna jambo nimelificha miaka thelathini, na daktari anasema sina muda mrefu.

Leo rafiki yangu Barasa alikuja kunijulia hali hapa nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58, akiwa na gitaa lake.

Akapiga ule muziki wa kale niliokuwa nikiupiga kwa fidla kanisani. Yeye aliupanga upya kwa gitaa.

Fidla yangu ilidokeza tu sauti nzito ya chini, yaani besi. Kwake, kidole gumba kinaiimba yote kwenye nyuzi nene za gitaa. (Wivu ulinichoma hata kitandani, mnicheke tu.)

Katikati akakwama.

"Mzee, hapa nimesahau. Laiti zile karatasi nilizouandika muziki huu hazingepotea!"

"Ni uzee huo," nikamtania.

Akacheka. Mimi nikageukia ukuta.

Barasa, hazikupotea. Niliziiba. Ziko ndani ya kasha la fidla yangu.