Transista Zilizosimama Kinyume

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ile ya Changamwe sikupewa kompyuta. Nilipewa soli ya kandambili. Msimamizi wa michoro, Bwana Salim wa Mtongwe, aliiweka mezani, akatandaza juu yake karatasi iliyochapwa vidoti, kisha akanikabidhi transista ndogo ya miguu mitatu.

"Kadzo, ivalishe."

"Abee?"

"Idunge hapo kwenye vidoti. Ikiingia bila kulalamika, basi kiatu chake ni hicho."

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mnakizungusha kifaa kwenye kioo na kukiona pande zote. Sisi tulikuwa na kandambili, na ilitufaa. Tulitengeneza bodi za umeme za kuendeshea pampu za maji. Kwenye mchoro kila kifaa kina alama yake, nayo ni kama jina tu. Halafu kuna unyayo, yaani matundu ambamo miguu ya kifaa chenyewe itasimama kwenye bodi. Kazi yangu ilikuwa kuvioanisha viwili hivyo ndani ya programu. Programu haijui kifaa kinafananaje. Inaunganisha mguu namba moja wa alama na tundu namba moja la unyayo, basi. Ukikosea namba, haikupigii kelele.

Mimi nilisoma hadi kidato cha pili, nikaongeza kozi fupi ya kompyuta pale Miritini. Niliajiriwa kwa majaribio, na mkurugenzi aliniambia wazi: "Bodi zikiharibika mikononi mwako, usingoje barua." Nyumbani mama na wadogo zangu walikuwa wananitegemea mimi.

Majaribio yalipokaribia kwisha tukapata kazi ya pampu ya zahanati moja huko Likoni. Transista yake ilikuwa mpya kwetu na unyayo wake haukuwamo kwenye programu, kwa hiyo Bwana Salim akauchora mwenyewe. Nikauchapa kwenye karatasi kwa kipimo kamili, nikavalisha. Miguu ikaingia vizuri. Bodi zikaagizwa, zikaja, mafundi wakaitia lehemu bodi ya kwanza. Ilipowashwa, transista ikatoa moshi.

Mkurugenzi akatoka ofisini. "Nani aliivalisha hii?"

Wote wakanitazama. Fundi mmoja akaninong'oneza, "Funga virago, dada."

Bwana Salim alikuwa ameinamia ile bodi. Akavua miwani. "Mkurugenzi, mtoto amevalisha sawa. Kuingia, miguu imeingia. Namba ndizo zimekaa kinyume, na namba nimeziandika mimi."

"Wewe? Na uzoefu wote huo?"

"Huo uzoefu ndio ulionitia shimoni, wallahi. Umri wangu wote nimetengeneza redio zimelala chali, miguu naiona kwa upande wa tumbo, chini ya bodi. Na hii nimeichora kwa tumbo. Kompyuta yataka kwa mgongo."

Kitu ukikipindua, kushoto kwake huwa kulia. Lakini miguu mitatu iliyopangwa mstari mmoja huingia vilevile, hata namba zikiwa zimepinduka. Ndiyo sababu soli haikutuonya.

"Kwa hiyo bodi zote hizi tuzitupe?"

"Za nini kutupwa? Transista igeuzwe, itazame ukutani kama mtoto aliyekosa adabu."

Mafundi wakacheka, hata mkurugenzi akatabasamu kidogo. Transista zikasimamishwa kinyume cha picha iliyochapwa kwenye bodi, na pampu ikavuta maji. Tangu siku hiyo, kila aliyevalisha alishika mguu mmoja mmoja na kuutaja kwa sauti, namba yake na kazi yake.

Mimi nikathibitishwa kazini. Bwana Salim alikuwa akitarajiwa kuwa meneja wa karakana, na cheo hicho akapewa mtu mwingine. Hakuwahi kukitaja mbele yangu.

Nimestaafu nikiwa msimamizi wa michoro, kwenye kiti alichokalia yeye. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshamzika, kwao Mtongwe. Nilikwenda kumpa pole mjane wake, nikamsimulia habari ya zile bodi, kwa kuwa deni la shukrani lilikuwa limenielemea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo hakunambia," akasema. "Mimi nikimlaumu, Kadzo. Nikimwambia hajui kujisemea, ndiyo maana wenziwe wampita."

"Alijua kusema, Mama. Siku ile alinisemea mimi."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akawaita wanawe kutoka uani, wakaja wakaketi mkekani.

"Haya, mwanangu," akaniambia. "Hebu anza tena. Polepole."